Vidole vinavimba, asubuhi vinakakamaa: ni gauti au baridi yabisi?

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni mama lishe, naishi Njombe, nina miaka 38 na watoto watatu. Huu ni mwezi wa tano vidole vya mikono yote miwili vinauma na kuvimba, pamoja na vifundo vya mikono, na sasa nyayo nazo zimeanza. Nikiamka siwezi kufunga kifungo cha blauzi wala kukamua kitambaa, hadi kwenye saa nne ndipo mikono inafunguka. Duka la dawa walinipima asidi ya yuriki ikasoma 6.4, wakasema ni gauti, niache nyama nyekundu na maharage. Nimeacha vyote na sijapona. Nimechomwa sindano za diklofenaki mara nyingi. Halafu jirani akaniletea unga wa mitishamba. Siku mbili tu nikawa mzima, ila nikiuacha maumivu yanarudi kwa nguvu. Nautumia wiki ya sita sasa. Mama mkwe anasema ni baridi ya maji ya kuoshea vyombo, nihamie Dar es Salaam. Ni ugonjwa gani huu, unapona, na je, binti yangu ataurithi?

Jibu: Marahaba dada, na pole sana. Kabla ya yote, huo unga usiuache ghafla. Uweke kwenye mfuko pamoja na karatasi uliyofungiwa, uende nao hospitali ndani ya wiki hii. Sababu yake nitaieleza mbele, maana ni habari ndefu.

Pili, kwa jinsi ulivyoeleza, sidhani kama una gauti. Maelezo yako yanaelekea zaidi kwenye baridi yabisi ile ya kinga ya mwili, ugonjwa ambao askari wa mwili wenyewe wanageuka na kushambulia viungo. Sijaishika mikono yako, kwa hiyo hili si hukumu ya mwisho, lakini ni sababu tosha ya kutokusubiri mwezi mwingine.

Kwetu mtu akiumwa viungo huambiwa ana moja ya mambo mawili, gauti au baridi. Ukweli ni kwamba yabisi, yaani magonjwa ya viungo, ziko nyingi, zaidi ya mia moja ukizihesabu zote, na dawa inayomfaa mmoja inaweza isimsaidie mwingine hata chembe. Ndiyo maana kuijua aina yako ni nusu ya tiba.

Tuanze na hiyo gauti uliyopewa. Gauti huja kama jambazi: mtu amelala mzima, usiku wa manane dole gumba la mguu linawaka moto, limevimba, jekundu, hata shuka likigusa anapiga kelele. Hukaa siku kadhaa, pengine wiki moja au mbili, kisha hutoweka kabisa, mtu akasahau mpaka shambulio lingine lije. Wanaougua kwa wingi ni wanaume. Mwanamke ambaye bado anaona siku zake ana kinga ya asili, kwa sababu homoni zake husaidia figo kuitoa asidi ya yuriki kwenye mkojo. Gauti kwake ni nadra mno, isipokuwa awe na ugonjwa wa figo au anatumia dawa fulani, hasa zile za presha zinazoongeza mkojo. Wewe una miaka 38, viungo vinavyouma ni vidogo na ni vingi, vinauma pande zote mbili kwa mpigo, na havijapumzika kwa miezi mitano. Hiyo si tabia ya gauti.

Na ile 6.4? Ni juu kidogo tu, wala haimfanyi mtu kuwa mgonjwa wa gauti. Watu wengi wana asidi ya yuriki iliyopanda na hawataugua gauti maisha yao yote. Kinyume chake pia hutokea: mtu yuko katikati ya shambulio la gauti na kipimo kinasoma sawa. Uthibitisho wenyewe ni kuvuta maji ya kiungo kwa sindano na kuziona chembe za chumvi ya asidi hiyo kwa darubini. Kipimo cha damu peke yake, tena cha kaunta, kimewanyima watu wengi sana kitoweo bila sababu.

Nikija kwenye maharage, hapa nina neno na wauza dawa wetu. Kweli maharage yana viini vinavyogeuka kuwa asidi ya yuriki. Lakini watafiti walipowafuatilia maelfu ya wanaume kwa miaka 12 nchini Marekani, waliona kwamba waliokula sana nyama na samaki waliugua gauti zaidi, wakati mboga na jamii ya kunde hazikuongeza hatari hiyo. Bia ndiyo iliyoongoza kati ya vileo. Soda na vinywaji vya sukari navyo vimo kwenye orodha. Kwa hiyo hata mgonjwa halisi wa gauti simnyimi maharage; namwambia apunguze maini, figo, utumbo, dagaa wa kila siku na bia, anywe maji, kisha nampa dawa. Maana chakula peke yake hakitoshi: sehemu kubwa ya asidi hiyo hutengenezwa na mwili wenyewe. Alopurinoli, dawa ya kushusha asidi ya yuriki, huanzwa kidogo kidogo, kwa kawaida miligramu 100 kwa siku, na kupandishwa hadi kipimo kishuke chini ya 6, kisha inaendelea miaka na miaka. Kosa linalorudiwa ni mtu kuimeza siku ya maumivu tu na kuiacha akipata nafuu.

Wewe, dada, rudi kwenye maharage yako.

Sasa baridi yabisi. Ndani ya kila kiungo kuna utando laini unaotoa ute wa kulainisha. Katika ugonjwa huu kinga ya mwili huuvamia utando huo, nao unaumuka kama donge la maandazi lililotiwa hamira. Daktari akikibonyeza kifundo cha kidole chako atausikia huo ulaini chini ya dole lake. Ukiachwa, utando huo unatambaa na kula gegedu, kisha mfupa, kisha kano zinalegea na vidole vinapinda kuelekea upande wa kidole kidogo. Madhara hayo kwenye mfupa mara nyingi huanza ndani ya miaka miwili ya mwanzo, na mfupa ukishaliwa haurudi. Wanawake huugua mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume, na si ugonjwa wa wazee pekee kama wengi wanavyodhani.

Kilichonifanya niufikirie ni lile la saa nne. Ukakamavu wa asubuhi unaozidi nusu saa, na wako unakwenda saa kadhaa, ni alama ya kiungo kilichovimba kwa ndani. Mwenye yabisi ya kuchakaa, ile ya magoti ya bibi, naye hukakamaa akiamka, lakini akitembea dakika kumi au ishirini anakuwa sawa. Huyo maumivu yake huongezeka kadiri anavyotumia goti na kupungua akipumzika. Wako ni kinyume: kupumzika ndiko kunakokukaza.

Hospitalini omba uonwe na daktari wa magonjwa ya ndani. Mabingwa wa viungo hasa ni wachache mno nchini, lakini daktari bingwa wa magonjwa ya ndani anaumudu ugonjwa huu. Anzia hospitali ya rufaa ya mkoa hapo Njombe. Wakiona inabidi, watakuandikia rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Atakushika vidole kimoja kimoja na kuhesabu vilivyovimba, na huko kushikwa kuna uzito kuliko karatasi ya maabara. Kisha ataandika vipimo vya damu: ESR na CRP kuonyesha kiasi cha uvimbe mwilini, RF na anti-CCP kutafuta kingamwili za ugonjwa wenyewe, na picha ya mikono na miguu.

Hapo kwenye RF uwe makini. Kipimo hicho kinaweza kuonyesha chanya kwa mtu mwenye kifua kikuu, homa ya ini au hata mzee mzima tu, na kinaweza kuonyesha hasi kwa mgonjwa halisi, yapata mmoja kati ya watano. Usikubali kuambiwa "hauna" kwa sababu ya RF hasi pekee ilhali vidole vinaonekana vimevimba. Anti-CCP ni hakika zaidi ikiwa chanya, ila si kila maabara inayo.

Vilevile daktari lazima aondoe vinavyofanana na hili. Lupasi, ugonjwa mwingine wa kinga ya mwili, huwashika wanawake wa umri wako na huja na vipele usoni, vidonda mdomoni, nywele kukatika na figo kuumwa. Virusi vya Ukimwi na homa ya ini vinaweza kuuma viungo. Ukinywa maziwa yasiyochemshwa, mwambie, maana bruselosi ipo kwenye maeneo ya wafugaji. Chikungunya nayo, ugonjwa ulioelezwa kwa mara ya kwanza hapa hapa kwetu, kwenye uwanda wa Makonde, baada ya mlipuko wa mwaka 1952, unaweza kuacha maumivu ya viungo kwa miezi. Lakini huanza na homa kali ya ghafla, na wewe hukuitaja.

Tiba. Hakuna dawa ya kuufuta ugonjwa huu moja kwa moja, sitakudanganya. Zipo dawa za kuutuliza hadi uvimbe uishe, na mgonjwa aliyeanza mapema ana nafasi nzuri ya kufanya kazi na kulea watoto bila kidole hata kimoja kupinda. Ya kwanza ni methotreksati. Ilianza kama dawa ya saratani, ndiyo sababu wagonjwa hushtuka wakiisoma kwenye mtandao, lakini kwa viungo hutolewa kwa kiasi kidogo sana, na Marekani iliidhinisha matumizi hayo mwaka 1988. Bei yake si ya kutisha.

Ila ina masharti, na haya nakuomba uyaandike mahali. Inamezwa mara moja kwa WIKI, siku moja maalumu, tuseme kila Jumapili. Si kila siku. Vidonge ni vya miligramu 2.5, na unaweza kuandikiwa vitatu hadi sita vya kumeza pamoja siku hiyo. Kuna watu wamekufa kwa kuvimeza kila siku kama panado. Utapewa pia foliki asidi ya kumeza siku nyingine ili kupunguza kichefuchefu na vidonda vya mdomo. Kabla ya kuanza watapima ini, figo, wingi wa damu, homa ya ini, na watahakikisha huna kifua kikuu. Vile vya damu vitarudiwa kila baada ya muda. Pombe iache kabisa, ulanzi ukiwemo. Dawa hii huharibu mimba: uwe kwenye uzazi wa mpango wa uhakika, na ukitaka mtoto mwingine sema mapema, kwa sababu husimamishwa miezi kadhaa kabla. Na septrini, ile dawa ya kuua vijidudu! Watu huinunua kwa kikohozi au mkojo kuchoma bila kuuliza. Septrini na methotreksati vikikutana vinaweza kuangusha damu yako vibaya. Kila uendapo duka la dawa, anza kwa kutaja jina la dawa yako.

Usitegemee muujiza wiki ya kwanza. Huchukua wiki 6 hadi 12 kuonyesha kazi. Kwa kipindi hicho daktari anaweza kukupa prednisoloni, dawa ya kushusha uvimbe haraka, kidogo kwa muda mfupi kama daraja. Methotreksati isipotosha, huongezwa haidroksiklorokwini au salfasalazini. Zipo pia sindano za kisasa zenye nguvu, lakini gharama yake ni kubwa na wengi hawafiki huko.

Diklofenaki haizuii mfupa kuliwa. Inapunguza maumivu na uvimbe kwa saa chache, basi. Ukiitumia mfululizo inachimba vidonda vya tumbo, inapandisha presha na kuumiza figo, hasa ukiichanganya na ibuprofeni, jambo ambalo wengi hufanya bila kujua kwamba zote ni za jamii moja. Ukiona choo cheusi kama lami, kimbia hospitali.

Nirudi kwenye unga. Dawa inayomwinua mgonjwa wa viungo ndani ya siku mbili, na akiiacha anaanguka zaidi ya mwanzo, inanipa shaka moja: imechanganywa na prednisoloni iliyosagwa, au ndugu yake deksamethasoni. Wadhibiti wa dawa katika nchi nyingi wamekamata michanganyiko ya namna hiyo inayouzwa kama mitishamba mitupu. Sisemi mitishamba yote ni ya uongo. Nasema mti hauna haraka hivyo.

Udanganyifu huu unaaminika kwa sababu nguvu ya dawa hizo ni ya kweli. Mwaka 1948, katika Mayo Clinic kule Marekani, daktari Philip Hench alimchoma kotisoni, dawa ya jamii hiyo hiyo, mwanamke kijana aliyelemazwa na baridi yabisi, na baada ya siku chache akawa anatembea. Dunia ikashangilia, na mwaka 1950 Hench na wenzake wawili wakapewa tuzo ya Nobel. Haikuchukua muda yakaonekana yanayofuata: uso kuvimba kama mwezi, sukari, presha, mifupa kuvunjika kirahisi, maambukizi, vidonda vya tumbo. Leo dawa jamii hiyo tunazitumia, lakini kwa kipimo kinachojulikana na kwa muda unaojulikana. Wewe hujui unameza kiasi gani. Tena baada ya wiki kadhaa za kuimeza, tezi zako zinazotengeneza homoni ya namna hiyo zinalala. Ukikata ghafla unaweza kuishiwa nguvu, kutapika na presha kuporomoka. Ndiyo sababu nimesema usiache mwenyewe. Daktari ataugeuza kuwa kipimo halali cha prednisoloni na kukushusha polepole. Apime na sukari.

Baridi ya Njombe sasa. Mama mkwe hajatunga: wagonjwa wengi huumia zaidi asubuhi za Juni na Julai, na maji ya baridi hukaza vidole. Lakini baridi hukuongezea maumivu tu, ugonjwa wenyewe hauletwi nayo. Wagonjwa wa baridi yabisi wapo Dar es Salaam, Mombasa na Muscat kwenye joto la kukaanga yai. Usiuze kiwanja. Oshea vyombo maji ya uvuguvugu, na asubuhi loweka mikono kwenye beseni la maji ya moto ya kuvumilika huku ukifungua na kufumba vidole. Hata kuliza vidole, yaani kuvikunja hadi vitoe mlio, hakuleti yabisi: daktari mmoja wa California, Donald Unger, aliliza vidole vya mkono wa kushoto peke yake kwa zaidi ya miaka 50, kisha akailinganisha mikono yake, haikuwa na tofauti.

Kazini, sufuria lisinyanyuliwe kwa vidole. Tumia viganja vyote viwili na mikono hadi kwenye kiwiko, au mwite kijana. Mwiko wa ugali uviringishie kitambaa mpini uwe mnene, ushike bila kubana. Siku kiungo kimevimba sana kipumzishe. Uvimbe ukishuka kifanyishe mazoezi, na kama hospitali ina mtaalamu wa mazoezi tiba, omba umuone. Kulala tu kitandani kunayeyusha misuli.

Mtu yeyote nyumbani kwako, mtoto au mkubwa, akipata kiungo kimoja kilichovimba ghafla, cha moto, ana homa na hawezi kukikanyagia, huyo hangojei kesho. Usaha ndani ya kiungo unaweza kukiharibu kwa siku chache. Na mtoto anayeumwa koo, kisha wiki mbili tatu baadaye maumivu yakahama kutoka goti hadi kifundo cha mguu hadi kiwiko, apimwe moyo. Hiyo inaweza kuwa homa ya baridi yabisi ya watoto, inayoharibu valvu za moyo, na si ugonjwa huu wako japo majina yanafanana.

Wale wenye magoti ya kuchakaa wao wana la kufanya zaidi katika kujikinga. Kila kilo moja unayopunguza mwilini inaliondolea goti mzigo wa kama kilo nne kila hatua. Misuli ya paja ikiimarishwa kwa mazoezi, maumivu hupungua hata kama picha ya eksirei haijabadilika. Goti likishakwisha kabisa, linabadilishwa kwa upasuaji. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, inafanya.

Binti yako? Mwenye mzazi au ndugu wa damu mwenye ugonjwa huu ana uwezekano ulioongezeka kuliko wengine, lakini watoto wengi wa wagonjwa hawaupati. Hakuna kipimo cha kumfanyia sasa, wala chakula cha kumnyima. Jambo tunalolijua kwa hakika na linaloepukika ni sigara: huongeza hatari ya kuupata na huufanya uwe mkali zaidi kwa aliyenao. Hilo linamhusu na baba yao kama anavuta, na wewe pia. Akiwa mtu mzima, akiona vidole vimevimba na kukakamaa kila asubuhi kwa wiki sita mfululizo, aende hospitali kwanza, na kwenye historia yake aseme kwamba mama yake anao.